Shemeji anataka mama auze kihamba nikachume stroberi Uingereza

Shikamoo dada,

Naomba unijibu mapema, maana kuna jambo litaamuliwa nyumbani kwetu Jumamosi ijayo na mimi ndiye chanzo chake.

Nina miaka 28, mama wa mtoto mmoja wa miaka minne, naishi Usa River, Arusha. Huu ni mwaka wa tano nafanya kazi kwenye shamba la maua, upande wa kupanga na kufunga. Waridi likitoka shambani tunalipima urefu, tunapukutisha majani ya chini, tunafunga mashina kumi kumi, linaingia kwenye ndoo, na usiku linapelekwa uwanja wa ndege. Kazi naijua na msimamizi hana neno na mimi. Lakini nikishalipa chumba, ada ya chekechea na kumtumia mama kidogo, tarehe 20 hainikuti sijaanza kukopa dukani.

Mwezi wa saba shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuja na habari za viza ya msimu ya Uingereza. Alisema kuna koneksheni, wakala yuko Dar, anapeleka watu kuchuma stroberi, na mtu kama mimi aliyezoea shamba la mzungu anapita bila usaili. Gharama yote ni shilingi 6,500,000. Ya kufungua faili ni 450,000, hiyo nimeshalipa, nilikopa kwenye kikoba. Sasa wanataka milioni 4 kabla ya tarehe 15 ili namba yangu ya udhamini isipewe mtu mwingine. Inayobaki nitakatwa kwenye mshahara nikishafika.

Nimetumiwa barua ya ajira kwenye WhatsApp. Inatoka shamba moja la Kent, ina mhuri mwekundu na picha ya matunda juu. Inasema shamba ndilo mdhamini wangu, mkataba ni miaka miwili, mshahara pauni 3,200 kwa mwezi, chakula na malazi bure, naanza kuchuma mwezi wa pili, na baada ya miezi mitatu naruhusiwa kumleta mtoto. Nilipomuuliza shemeji ikiwaje viza ikiisha, alicheka, akasema, "Utajilipua huko huko kama wenzako, nani anarudi?"

Huyo wakala sijamwona. Shemeji naye hajamwona, wanaongea kwa simu tu. Hela inatumwa kwenye namba ambayo jina likitokea ni la mwanamke mwingine, tukaambiwa ni mhasibu. Kwenye grupu tuko kama mia mbili, na kila siku anawekwa mtu ameshika pasipoti yenye viza.

Mama ameamua kuuza kipande cha chini cha kihamba, yaani shamba letu la ukoo, kile chenye kahawa, ili kile cha juu alipozikwa baba kibaki. Mnunuzi alikuja Jumapili, akazunguka kwenye masale, ile mimea ya mpakani, akipima kwa hatua, mama akimfuata nyuma hasemi kitu. Baba mdogo amekubali kuweka sahihi. Jumamosi wanaandikishana.

Dada, viza hii ipo kweli au naibiwa? Kama ipo, mtu wa kawaida anaipataje? Na nikikataa nitamwambia nini shemeji, ambaye baba alipofariki ndiye aliyetusimamia kila kitu?

Mpanga waridi, Usa River

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na la Jumamosi, kwa kuwa hilo halisubiri. Kihamba kisiuzwe. Hata kama hutafika mwisho wa barua yangu leo, mpigie mama umwambie mnunuzi asubiri. Na hizo milioni 4 usizitume, wala usitume laki moja ya "kuonyesha nia" ili faili lisifungwe.

Viza ipo. Nasema hivi mapema ili usije ukadhani umeota kitu kisichokuwepo. Uingereza ina viza ya vibarua wa msimu tangu mwaka 2019, ilipoanza kwa majaribio na nafasi 2,500 tu. Waliokuwa wakichuma matunda kabla ya hapo wengi walitoka Romania na Bulgaria, na Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya mikono ikapungua mashambani. Nafasi zikaongezwa mwaka hadi mwaka, na kwa mwaka 2025 zilikuwa 43,000 za mboga, matunda na maua, pamoja na 2,000 za kuku wa msimu wa Krismasi. Maua ya mapambo yaliongezwa mwaka 2022, kwa hiyo hata ujuzi wako wa waridi si wa kudharau. Haihitaji cheti cha shule wala mtihani wa Kiingereza. Inataka uwe na miaka 18 au zaidi, na uwe na mdhamini.

Hapo kwenye mdhamini ndipo barua uliyotumiwa inapojifichua. Umenipa maelezo yake vizuri, basi tuisome pamoja.

Inasema shamba ndilo mdhamini wako. Kwa viza hii shamba halimdhamini mtu. Wanaodhamini ni makampuni machache yaliyoteuliwa na serikali ya Uingereza, hayafiki kumi, na majina yao yamewekwa kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, kwenye ukurasa wa viza ya kazi za msimu. Wao ndio wanaowachagua watu, wanawapa namba ya udhamini, kisha wanawapangia shamba. Barua ya mkulima wa Kent anayejiita mdhamini wako, hata ikigongwa mihuri kumi, haikufikishi popote.

Inasema mkataba wa miaka miwili. Viza hii haizidi miezi 6, na huwezi kuigeuza ukiwa huko ikawa viza ya aina nyingine. Inasema utamleta mtoto baada ya miezi mitatu. Hairuhusu kumleta mtoto, mume wala mzazi, iwe mwanzoni au baadaye. Hilo la mtoto limeniuma kuliko mengine, kwa sababu aliyeliandika anajua mama atakubali nini akiahidiwa mwanawe.

Mshahara wa pauni 3,200 kwa mwezi nao tuupige hesabu. Kima cha chini cha Uingereza kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025, na hupandishwa kila Aprili. Kufikisha pauni 3,200 kwa kima hicho ungechuma kama saa 60 kwa wiki, kila wiki, bila mvua wala kuumwa. Na stroberi za mwezi wa pili ni za nani? Mavuno yake makubwa yanaanza mwezi wa tano hivi. Mwezi wa pili huko kuna baridi, na kazi iliyopo ni ya kuvuna maua ya manjano ya dafodili kule Cornwall, umeinama kwenye tope tangu asubuhi.

Kuhusu namba ya udhamini, unaambiwa uwahi isije ikapewa mtu mwingine, kana kwamba ni kiwanja. Hiyo namba haiuzwi. Mdhamini anaitoa kwenye mfumo wa serikali kwa jina lako na namba ya pasipoti yako, na ada ya kuitoa analipa yeye. Sheria ya Uingereza inamkataza wakala kumtoza mtafuta kazi hela ya kumtafutia kazi. Kwa hiyo ile 450,000 ya kufungua faili ingetosha kukuonyesha ni watu wa aina gani, hata kama barua ingeandikwa bila kosa.

Sasa nikueleze njia ya kweli ilivyo, maana nisipokueleza atakuja wakala mwingine mwenye barua nzuri zaidi.

Unaanza na pasipoti. Kwa Tanzania inaombwa mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji, unatumia namba ya NIDA, na gharama yake ni shilingi 150,000. Kisha unafungua ule ukurasa wa gov.uk, unaandika majina ya makampuni yanayodhamini, na unaingia kwenye tovuti ya kila moja wewe mwenyewe. Usibonyeze kiungo ulichotumiwa kwenye grupu. Kila kampuni inaeleza mwaka huo inaajiri kutoka nchi zipi na kama maombi yamefunguliwa. Kujiandikisha ni bure. Ukichaguliwa kuna usaili, mara nyingi kwa video, wanakuuliza kuhusu kazi za mikono, afya yako na kama uko tayari kuishi na wengine. Ukipita, unapewa namba ya udhamini, na kwa namba hiyo unaomba viza mtandaoni ndani ya miezi mitatu. Ada yake ilikuwa pauni 319 mwaka 2025, unailipa serikali ya Uingereza moja kwa moja. Kisha unakwenda kituo cha maombi ya viza kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Majibu kwa kawaida huchukua wiki tatu.

Watataka pia uonyeshe una pauni 1,270 benki zilizokaa siku 28, isipokuwa mdhamini amethibitisha kwamba atakutunza mwezi wa kwanza. Muulize mdhamini mapema, kwa sababu wengine wakisikia kiasi hicho hukimbilia kukopa ili kujaza akaunti. Na kwa kuwa ni miezi 6 tu, huombwi kile cheti cha kifua kikuu kinachotakiwa kwa wanaokaa zaidi. Wakala akikutoza laki tatu za "medical ya ubalozi" ujue unaliwa.

Mdogo wangu, kuna jambo ambalo mawakala hawalisemi, nami sitakuficha. Miaka hii ya karibuni wengi waliopewa viza hizi wametoka Kyrgyzstan, Tajikistan, Uzbekistan na Kazakhstan. Sheria haimkatazi Mtanzania, lakini makampuni huajiri pale walipokwisha kujijengea mtandao. Unaweza kujiandikisha kote na usiitwe mwaka huu, na mwakani pia. Ndiyo sababu sitaki mtu auze ardhi kwa ajili yake, hata kwa njia halali. Jaribu kwa gharama ya pasipoti na bando la intaneti, ukiendelea na kazi yako ya waridi.

Tuseme umepata. Wadhamini wanalazimika kuhakikisha unalipwa angalau saa 32 kwa wiki. Kwa kima nilichotaja ni kama pauni 390. Malazi wanaruhusiwa kukukata hadi pauni 10.66 kwa siku, kwa viwango vya 2025, ambayo ni karibu pauni 75 kwa wiki. Michango ya bima ya taifa kama pauni 12. Chakula unanunua na kupika mwenyewe, kwa hiyo ukijibana unabaki na pauni 250 hivi. Wakikukata na kodi ya mapato, tunza hati zako za mshahara, kwa sababu kipato cha miezi 6 kwa saa hizo hakifiki pauni 12,570 zinazosamehewa kodi kwa mwaka, na unaweza kuomba urudishiwe.

Usihesabu wiki 26 kamili. Hesabu 20, maana kuna kuchelewa kuanza na kuna matunda kuisha mapema. Hizo ni pauni 5,000. Tuichukue pauni kwa shilingi 3,300 ili hesabu iwe nyepesi, ni milioni 16 na nusu. Toa viza, pasipoti na nauli ya kwenda na kurudi ambayo kwa kawaida ni juu yako, tuweke milioni 4 kwa jumla. Unabaki na milioni 12 na nusu. Ni hela ya maana, na sishangai kwamba unaitaka. Lakini ni hela ya mtu aliyekwenda bila deni. Mwaka 2022 Waindonesia walifika mashamba ya Uingereza wakiwa na viza halali kabisa, ila nyuma yao kulikuwa na madeni ya maelfu ya pauni kwa madalali wa kwao. Msimu uliisha wengine bado wanachumia deni. Mkopo wa kausha damu haujali kama mvua ilinyesha Kent.

Na kazi yenyewe naijua. Nilipokuwa nasoma huko, nilichuma likizo mbili mfululizo karibu na Blairgowrie, Scotland. Tulikuwa tunaamka saa kumi alfajiri. Stroberi zimeoteshwa kwenye mifereji iliyoinuliwa kifuani, ndani ya vibanda virefu vya nailoni kama vitalu nyumba vya kwenu, na jua likitoka humo ndani panakuwa tanuri. Tunda hulishiki. Unapitisha kikonyo katikati ya vidole viwili, unakikata kwa ukucha wa dole gumba, unaliweka kwenye kikasha upande mwekundu juu. Ukilibinya kidogo tu, kesho yake lina doa dukani na kikasha kizima kinarudishwa. Kila trei inaskaniwa kwa jina lako, na jioni orodha inabandikwa: nani kachuma kilo ngapi kwa saa. Wiki ya kwanza nilikuwa wa tatu kutoka mwisho, mgongo unauma hadi nashindwa kufunga viatu. Walioshindwa kufikia kiwango walionywa, wengine wakarudishwa kabla msimu haujaisha. Tulilala sita kwenye karavani moja yenye jiko la plati mbili, na Jumapili foleni ya mashine ya kufulia ilianza kabla hakujapambazuka.

Wewe una mikono iliyozoea, miiba ya waridi imeshakufundisha kushika kitu bila kukiumiza, na nadhani ungefika juu ya ile orodha haraka kuliko mimi. Lakini nilitaka uone kazi yenyewe, kwa sababu kwenye grupu wanaweka pasipoti na uwanja wa ndege, karavani hawaiweki.

Kuhusu kujilipua. Shemeji amelisema kama utani, nami nalijibu kwa uzito. Kujilipua ni kuomba hifadhi, na hifadhi imewekwa kwa mtu ambaye akirudi kwao atauawa au atafungwa bila haki. Wewe huna kisa hicho, na kukitunga ni kudanganya serikali kwa jina lako halisi na alama zako za vidole. Ukikaa baada ya viza kwisha bila kibali, unakuwa huna ruhusa ya kufanya kazi, na mwajiri anayemchukua mtu wa namna hiyo anajua hana pa kulalamika. Anamlipa anachotaka. Mtoto wako ana miaka minne. Ukijificha huwezi kuja kumwona na kurudi, na wewe unajua kuliko mimi miaka kumi ni nini kwa mtoto. Vilevile, ukiomba viza kwa barua ya kughushi ikagundulika, unaweza kukataliwa viza za Uingereza kwa miaka 10, hata kama barua uliitengenezewa na mtu mwingine.

Sasa shemeji. Kwa ulivyoandika, sidhani kama yeye ndiye mwizi. Hajamwona wakala, naye anatumiwa sauti za WhatsApp kama wewe, na bila shaka ameahidiwa kitu kwa kila kichwa anacholeta. Matapeli hupenda sana kupitia mtu wa nyumbani, kwa sababu wewe humwulizi shemeji yako leseni. Kwa hiyo usimwite mwongo mbele ya mama wala mbele ya dada yako. Mwendee peke yake, kwa heshima ileile, umwambie: "Shemeji, nakushukuru umenihangaikia. Kabla mama hajauza, naomba tumuulize wakala vitu viwili. Kampuni inayonidhamini inaitwaje kwenye orodha ya gov.uk, na leseni yake ya uwakala wa ajira hapa nchini ni namba ngapi." Kisha nyamaza usubiri jibu. Wakala wa ajira anayepeleka watu nje anatakiwa asajiliwe na Kamishna wa Kazi, na ofisi ya kazi ya mkoa pale Arusha au TaESA, huduma ya ajira ya serikali, wanaweza kuwaambia kama yumo. Nendeni wote wawili, wewe na shemeji, ili ayasikie mwenyewe na asionekane ameshindwa na shemeji yake mdogo.

Nina wasiwasi na kitu kimoja: huenda na yeye ameshatuma za kwake, au amechukua za watu wengine mtaani. Mtu wa namna hiyo hukasirika sana anapoulizwa, kwa sababu swali lako linamwonyesha shimo alilosimama. Akikasirika, mpe siku. Usimjibu kwenye grupu.

Ile 450,000 yako ihesabu kuwa imekwenda, lakini usikae kimya. Usifute meseji hata moja. Piga picha za skrini za mazungumzo, namba, lile jina la "mhasibu" na miamala yote, uende polisi ukaripoti. Meseji ya utapeli pamoja na namba iliyoituma unaweza pia kuzituma bure kwenda 15040. Na kwa kuwa nchi hii ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, watu wanaokusanya vijana kwa ahadi za kazi nje na kuwapangia kukatwa deni kwenye mshahara hawapaswi kuchukuliwa kama wezi wa simu tu. Waeleze polisi kwamba kuna watu mia mbili kwenye grupu.

Kama baada ya yote haya bado unataka kujaribu, na mimi nakuunga mkono kabisa, fanya yafuatayo kabla mwaka haujaisha. Omba pasipoti. Muombe msimamizi wako barua fupi yenye muda uliofanya kazi na kazi unazozijua. Andika wasifu wako ukurasa mmoja: kupima, kupanga, kufunga, kuhesabu, usafi wa chumba baridi. Jiandikishe kwa makampuni yanayopokea maombi kutoka huku. Na ukae na mama mkubaliane nani atamlea mtoto miezi hiyo 6, kwa sababu siku ya kuitwa huja ghafla. Siku ukipata jibu la kampuni yoyote, niandikie tena tulisome wote mstari kwa mstari kabla hujalipa chochote.

Ijumaa jioni panda nyumbani, usingoje Jumamosi asubuhi mnunuzi ameshakaa sebuleni. Ichapishe ile barua yenye mhuri mwekundu, umsomee mama kwa Kiswahili sehemu ya miaka miwili na sehemu ya mtoto, umweleze kama nilivyokueleza. Baba mdogo naye awepo. Mnunuzi kama ametoa hela ya kishika shamba, arudishiwe yote mbele ya mashahidi na iandikwe, ili asije kudai kahawa msimu ukifika.